Uji wa Kiganja

Mwaka 2014, nikiwa na miaka hamsini na tisa, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwangu. Najua wazee wenzangu wakieleza shida zao huanzia njaa ya utotoni. Njaa hiyo naijua. Nimekulia kusini, Masasi, na mvua zikikataa tulichimba ming'oko porini tukala. Lakini ile sikuiita shida, niliiita maisha. Nilikuja Dar kijana, darasa la nne nikiwa nimeliacha katikati. Nikabeba mizigo Kariakoo, nikatembeza vikombe vya plastiki mkononi, nikatandika chini, nikapata meza, mwisho nikapata fremu, chumba cha duka la ndoo na mabeseni. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilipofika umri ule nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba hakuna jambo duniani lisilomalizwa na mtu anayeamka mapema na asiyeona haya.

Mwaka huo binti yangu wa mwisho akajifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia.

Alikaa na uchungu muda mrefu mno, na mtoto alipotoka alikuwa wa bluu, kimya. Wakamhangaikia, wakamwekea hewa, akapumua. Tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Miezi ikapita, shingo haikukaza. Wenzake wa mtaani wakakaa, wakatambaa, wakaanza kuvuta vitambaa vya meza, yeye tukimwinua kichwa kinaanguka nyuma kama ua lililovunjika shina. Mikono ikawa inakakamaa. Halafu kikaja kifafa. Hospitali wakatuambia ubongo ulikosa hewa siku ile ya kuzaliwa, na jina lake ni mtindio wa ubongo. Nikauliza dawa yake. Nikaambiwa dawa ya kutuliza kifafa ipo, anywe kila siku bila kuruka, lakini mtindio wenyewe hauna dawa, una malezi.

Malezi! Nilitoka pale nimefura. Mimi nilikuwa nimelea wanne, sikuona kwa nini mtu aniambie malezi kama vile ni kitu kipya kimeshushwa bandarini.

Baba wa mtoto alikuja, akamtazama, akaja tena, halafu akasema anaenda kutafuta maisha. Mpaka leo anatafuta. Binti yangu alikuwa anakonda kwa mawazo, nikaona akikaa ndani na yule mtoto mchana kutwa nitazika wawili. Nikampa fremu. Nikamwambia, "Uza ndoo. Ugombane na wateja, utapona." Na kweli alipona, tena ana ulimi wa biashara kunizidi. Mimi na mke wangu tukabaki na mtoto.

Mawinga pale Kariakoo, vijana wale wanaovuta wateja kuwapeleka madukani, wakapata la kusema.

"Mzee wa ndoo! Tumesikia siku hizi unanyonyesha!"

"Nanyonyesha. Njoo na wewe, naona huyo mama yako alikuachisha mapema."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nikifika nyumbani kicheko kimekwisha.

Nyumba yetu ni zile za zamani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna uani ambako wapangaji wote tunapikia, tunafulia na tunagombania. Wanawake wa uani kwetu ni wema. Wema wao ndio umenitesa kuliko ubaya wa watu wengine wote. Kifafa kikimkamata mtoto, mmoja anakimbia akipiga kelele nisimguse nisije nikaambukizwa na povu, mwingine anakuja na kijiko amtie kati ya meno, wa tatu anawasha kibiriti amnusishe moshi. Mimi kliniki walishaniambia: mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usitie kitu mdomoni, tazama saa, kikizidi dakika tano mkimbize hospitali. Basi nikawa nafanya kazi mbili, kumlinda mtoto na kifafa, na kumlinda na majirani.

Ila lililotaka kumwondoa duniani halikuwa kifafa. Lilikuwa uji.

Kwetu, na kwa wengi hapa mjini, mtoto mdogo asiyetaka kula ananyweshwa kwa kiganja. Mama anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto chali mapajani. Kiganja kimoja kinakingwa chini ya mdomo kama bakuli, uji unamiminwa humo, na mtoto akikataa anabanwa pua kidogo, akifungua mdomo avute hewa, uji unapita. Mke wangu alikuwa fundi wa hilo. Kikombe kizima kinaisha kabla chungu cha jikoni hakijachemka. Wanetu wanne walinyweshwa hivyo, na mimi nilinyweshwa hivyo, na mama yangu pia.

Huyu alikuwa akinyweshwa anakohoa, macho yanamtoka, kifua kinakoroma kama birika. Baada ya hapo homa. Baada ya homa, wodini. Nimonia. Tunarudi nyumbani, tunapumua kidogo, halafu tena. Wodini kwenyewe nilikuwa na vita vyangu. Mlinzi wa mlangoni ananizuia kila siku.

"Mzee, hii wodi ya watoto. Wanaingia akina mama tu."

"Mama yake yuko dukani. Bibi yake ana presha. Mama wa leo ni mimi."

"Mzee, akina mama wananyonyesha humo."

"Kijana, mimi nina mabinti watatu. Nyonyo siyo habari kwangu. Nipishe."

Siku nyingine ananipisha, siku nyingine nasimama nje na chupa ya chai mpaka muuguzi mmoja anionee huruma.

Kliniki ya watoto wa namna yetu ilikuwa na muuguzi wake. Binti mwembamba, viatu vyeupe, sauti ndogo, maneno makavu. Alianza kwa shikamoo nzuri kabisa, nikaitikia marahaba, halafu akanibadilikia.

"Babu, huyu mtoto haugui kifua bure. Chakula kinaingia kwenye mapafu. Misuli yake ya kumeza haina nguvu wala haiko tayari. Mkimlaza chali na kummiminia uji mwepesi, anapaliwa kila siku, hata siku ambayo hakohoi."

"Tumpe nini sasa? Mgonjwa anapewa uji mwepesi, hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu hana mtindio. Uji mwepesi unakimbia kuliko koo lake. Mpe mzito, laini, usio na mabonge. Akae wima. Kichwa kisiende nyuma, kidevu kiiname kidogo. Kijiko kidogo. Unasubiri ameze ndipo unaongeza."

Nikamtazama. Mimi kufundishwa kulisha mtoto na msichana ambaye bila shaka alikuwa bado anapikiwa na mama yake, liliniuma. Lakini biashara imenifundisha kumsikiliza anayejua mzigo wake. Nikampelekea mke wangu habari, neno kwa neno.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Huyo nesi amezaa?"

"Sijamuuliza."

"Muulize. Mimi nimelea wanne kwa kiganja hiki. Nionyeshe aliyekufa."

"Wale walikuwa na shingo, mama watoto."

"Na huyu hana mdomo?"

Nikajaribu mwenyewe mbele yake. Nikamkalisha mtoto mapajani, nikamshika kichwa, nikampa kijiko. Ulimi wake ukakisukuma nje. Nikampa tena, ukasukuma tena. Uji ulikuwa kwenye kanzu yangu, kwenye mkeka, kwenye nyusi zake. Nilianza baada ya adhana ya adhuhuri, na alasiri ilikuwa inakaribia kikombe hakijafika nusu. Mtoto amechoka, analia, mimi mgongo unawaka. Mke wangu akanitazama, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Baba watoto, mimi kwetu nimeona mtoto akifa kwa njaa. Kwa macho yangu. Sijaona aliyekufa kwa kiganja."

Mtu akikuambia habari ya njaa aliyoiona, utamjibu nini? Tukakubaliana kwa mdomo kwamba tutafuata ya kliniki. Ila nikiwa nyumbani ni kijiko, nikitoka kwenda kupokea mzigo wa mabeseni ni kiganja. Nilijua kwa sababu nikirudi naukuta uji wote umekwisha na mtoto amelala, kifua kinaimba. Nikigomba, mke wangu ananijibu kitu kimoja: "Ameshiba au hajashiba?"

Kifua kikarudi. Safari hiyo aliwekewa hewa ya mashine, mbavu zake zinahesabika, na daktari akatuita, mimi, binti yangu na mke wangu. Akasema kwa upole kwamba mapafu yale hayawezi kuvumilia mchezo huu. Kikirudi tena, mtoto hatalishwa kwa mdomo. Atawekewa mrija, kwanza wa puani, baadaye tumboni, na chakula kitapita humo.

Simdharau mtu mwenye mrija. Nimewaona watoto waliookolewa nao, wamenenepa, mama zao wamepumzika. Lakini nilifikiria uani kwetu, nzi, maji ya kugombania, mrija wa kusafishwa kila unapotumika, na mikono ile yote myema inayopita kumsalimia mtoto. Na mke wangu akasema jambo ambalo daktari hakulitegemea. Akasema, "Kwa hiyo hatajua ladha ya nazi?" Halafu akajifunika uso kwa khanga.

Yule muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Akamwomba daktari kitu, wakaongea pembeni, akarudi kwetu.

"Daktari anatupa mpaka masika iishe. Vifua vyote huwa vinarudi masika. Akivuka bila nimonia, anaendelea kula kwa mdomo. Ila sitaki ahadi ya babu. Nataka anayemlisha hasa aje darasani kwangu."

Wote tukamtazama mke wangu.

Alikataa. Akasema mguu unamuuma, ana kikao cha kikundi, ana msiba Buguruni. Binti yangu ndiye aliyemwambia, "Mama, usipoenda, siku ya mrija, chakula utakisukuma humo wewe." Akaja. Alivaa doti mpya ya khanga, akajipulizia marashi kama anaenda harusini, ili msichana yule ajue anaongea na nani.

Darasa lenyewe lilikuwa mkeka sakafuni, feni inayozunguka kwa uvivu, na akina mama kama saba na watoto wao. Binti yangu alikuja pia, wetu yuko mapajani mwake. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Muuguzi akapika uji kwenye jiko la umeme pale pale, mwepesi, akauacha ukapoa. Akamwendea mke wangu, akapiga goti.

"Bibi, shikamoo. Leo naanza na wewe. Naomba ulale hapa, nikunyweshe."

Mke wangu akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Nilale? Mbele ya watoto wa watu?"

"Ndiyo, bibi. Kama anavyolala mjukuu."

"Binti, kwenu mtu mzima analazwa sakafuni akabanwa pua?"

Mama mmoja wa Kichaga, mwenye duka la jumla la vipodozi, akadakia, "Bibi, wote humu tumeshalala hapo. Mimi nilivaa wigi, likavuka."

Wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu. Nikaona masika ile, nikauona mrija, nikaona mtoto kwenye mapaja ya binti yangu akiangalia feni, hajui kama anapigiwa kura. Nikavua kofia yangu ya viua.

"Ninyweshe mimi," nikasema.

Muuguzi akasita. Mzee wa Kiislamu kulaza kichwa kwenye mapaja ya msichana, hilo hata yeye aliliona halikai vizuri. Akafikiri, halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Basi bibi amnyweshe babu mwenyewe. Kama anavyofanya nyumbani, asipunguze kitu."

Akina mama wale! Vigelegele. "Bibi, mlishe bwana harusi!" "Babu, funga macho!" Mke wangu akaiva uso kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomkalisha. Akanyoosha miguu. "Lala," akaniambia, "si umejitakia." Nikalala chali, kichwa kwenye paja lake, magoti yangu ya uzee yakiangalia dari. Akakinga kiganja chini ya mdomo wangu, akamimina. Nikameza funda la kwanza. Nikameza la pili. Nikaanza kuona mambo ni rahisi, nikataka hata kutania. Hapo akanibana pua.

Mimi nimebeba magunia ya sukari mgongoni nikapanda nayo ngazi. Nimepigana na vibaka. Sijawahi kuwa mdogo kama nilivyokuwa pale. Uji ukaja kabla sijawa tayari, na hewa nayo nilikuwa naitaka, vyote vikagombania njia moja. Nikataka kusema "subiri", lakini hakuna pa kupitishia neno. Mikono ikajirusha yenyewe. Miguu ikapiga sakafu. Nikamtolea mke wangu macho, na yeye juu yangu alikuwa ameangalia kikombe, siyo mimi, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, unaangalia kikombe kiishe. Nikamshika kifundo cha mkono. Uji ukanitokea puani.

Akaacha. Nilikaa nikakohoa mpaka machozi. Vigelegele vilikuwa vimekufa. Mke wangu akanifuta uso kwa pindo la ile khanga mpya.

"Umesikia nini?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Nilijua nakufa."

"Muongo."

"Wallahi."

Mke wangu akageuza mkono. Akakitazama kiganja chake, kimejaa uji, kana kwamba kimeazimwa kwa jirani. Muuguzi alikuwa na akili, hakumsuta. Akaenda kuuchemsha uji upya na unga zaidi mpaka kijiko kikasimama, akatuonyesha namna ya kumkalisha mtoto: nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga kitu, kidevu chini. Kijiko kinaingia kimelala, kinashusha ulimi kidogo, kinatoka. Unasubiri. Unatazama koo, siyo kikombe. Akimaliza anabaki wima nusu saa, na nyumbani atafutiwe kiti cha kumshika hivyo.

Tulirudi na bajaji. Tunashuka Msimbazi ndipo mke wangu akauliza, "Hicho kiti alichosema cha kumkalisha, utakitoa wapi?"

Viti vya namna hiyo vipo, vinatoka nje, na ukitajiwa bei unaona ni afadhali ununue pikipiki. Lakini mimi ninauza plastiki. Nikachukua jaba, lile pipa kubwa la plastiki la kuhifadhia maji, nikalipeleka kwa fundi mtaa wa Gerezani, akalikata ubavu likawa kama mgongo wa kiti. Nikaweka sponji la godoro la zamani, mikanda ya khanga. Nikalibeba kwa majivuno mpaka kliniki. Muuguzi akamkalisha mtoto, akainama, akatazama huku na huku.

"Babu, anateleza. Kata tena. Weka kiinua mapaja hapa mbele, na kigingi laini katikati ya miguu."

Nikarudi Gerezani. Nikaleta tena. "Babu, kichwa hakina ukuta." Nikarudi tena nikiwa nasonya njia nzima. Fundi akaniuliza kama natengeneza kiti au ndege. Mara ya mwisho akamkalisha, akarudi nyuma, na mtoto akabaki. Kichwa kimesimama. Alikuwa hajawahi kutuona sote tukiwa wima na yeye yuko wima. Akatutazama mmoja mmoja. Muuguzi akasema tu, "Haya."

Msidhani mambo yalinyooka. Kulisha kwa kijiko ni kazi ya kuchosha kuliko kubeba mizigo, kwa sababu mizigo ukiishusha imekwisha. Huyu anakula asubuhi, umemaliza, umemfuta, umemkalisha nusu saa, umefua, jua la mchana limefika, unaanza. Ukiharakisha anapaliwa. Ukikasirika anakakamaa. Kuna siku nilitupa kijiko uani nikaenda kusimama barabarani nikiangalia magari. Na wema wa jirani haukwisha. Unageuka kidogo, mtu kashamlaza anampa maji. "Nilimuona ana kiu, maskini."

Lakini safari hii aliyewaka sikuwa mimi. Mke wangu alihamishia kigoda chake mlangoni, na mwiko mkononi.

"Mkono wako uweke kwenye mfuko wako."

"Jamani dada, namsalimia tu."

"Msalimie kwa mdomo. Na maji hapewi hivyo hivyo, yanafanywa mazito kwanza. Hujui, nyamaza."

Wakamnunia uani kote. Wakasema nesi kamroga. Hakujali. Alikuwa anasaga kila kitu: ndizi, viazi, maharage, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa kama siagi, na juu yake tui la nazi. Siku ya kwanza mtoto alipoonja tui lile alinyamaza, akafumba macho, ulimi ukarudi ndani badala ya kusukuma. Mke wangu akaniita kwa nguvu nikadhani ni kifafa. "Tazama," akasema. "Tazama koo." Likapanda, likashuka.

Masika ikaja. Mtaa wetu mvua ikinyesha maji yanatoka chini na juu, na uani tunatembea juu ya matofali. Kila mtoto wa nyumba ile alikohoa. Mimi nikawa silali vizuri kwa kusikiliza kifua kimoja. Na mwisho wake wetu naye akakohoa. Mke wangu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mvua. Tukambeba, tumemfunika nailoni, mpaka kliniki. Muuguzi akaweka kipimo kifuani, mbele, nyuma, ubavuni, akarudia. Niliuona mrija umening'inia ukutani kwenye pakiti yake na nikauchukia kama mtu.

"Mafua," akasema. "Mapafu safi. Ni mafua tu kama ya watoto wengine."

Mafua kama ya watoto wengine. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi lililoloa mvua. Mke wangu yeye alibaki ndani akiuliza kama mtu mwenye mafua anaruhusiwa tui.

Masika ilikwisha. Daktari akasema aendelee kwa mdomo. Ndiyo mwisho wa habari niliyotaka kuieleza, ila siyo mwisho wa kero, na sitajifanya hazipo. Kifafa bado kinakuja, ingawa si kama zamani. Dawa yake kuna wakati dirishani wanasema imekwisha, zunguka mjini, na dawa hiyo hairukwi hata siku moja; mimi mwenye sabini sasa nazunguka. Shule tuliyoenda wakasema tumlete akishaweza kutembea. Nikawauliza, "Akishaweza kutembea, si atakuja mwenyewe?" Hawakupenda. Amekuwa mzito, na ngazi za ofisi za mji huu zimejengwa na watu wasio na wajukuu. Na yule muuguzi alihamishwa, hatukuambiwa. Tulifika siku moja tukakuta mwingine. Akamtazama mke wangu akimlisha mtoto, kijiko kinalala, kidevu chini, anasubiri koo. Akashangaa.

"Bibi, umejifunza wapi vizuri hivi?"

"Sijafundishwa," mke wangu akajibu. "Nimelea watano."

Nyumba yangu ina amani kwa sababu ninajua pa kunyamaza.

Leo, vilivyo vyangu ni hivi. Biashara ya ndoo na mabeseni, anaisimamia binti yangu. Bajaji moja, niliinunua kwa ajili ya kliniki, siku nyingine inabeba abiria. Kiwanja Chanika, hakijajengwa. Kitanda cha mninga. Redio. Mashine ya kusaga chakula, ya pili, ya kwanza iliungua. Mwiko wa mke wangu, siuhesabu, ni wake. Vijiko vidogo vya plastiki, pakiti nzima. Na viti vya jaba vitatu: kimoja kimeshakuwa kidogo, kimoja anakikalia sasa hivi anasubiri chakula cha mchana, na kimoja kikubwa kiko juu ya kabati, nimeshakikata tayari.